Saba na Mbili Mkononi mwa Tupokigwe

Baba mdogo Hezron tumemzika mwezi wa tano. Kwa hiyo sasa naweza kusema mke wangu alikuwa na karata gani siku ile. Zamani nisingeweza. Neno moja tu, na mahali anapopikia binti yetu Ruti pangekwenda.

Mke wangu aliitwa Tupokigwe. Kwao Ibaba, kule juu Ileje, kwenye baridi. Mimi ni wa Iyula. Nilimwoa mwaka wa themanini na nne, nikamleta nyumbani kwa baba yangu, kwenye kahawa.

Kwao na kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe usoni. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia kwenye mibuni, anageuka, anajifunika kitenge, anangoja kikohozi kipite. Jina lake halitaji. Na mkwe naye hugeuza shingo. Ni heshima ya pande mbili, ila watu wanakumbuka upande mmoja tu.

Baba yangu alikaa na mkwe wake miaka kumi na miwili. Mpaka anafariki alikuwa anaujua mgongo wake tu. Aliusifu. Alisema ni mgongo wenye adabu.

Shule aliyosoma mke wangu ni hiyo. Miaka kumi na miwili ya kuuficha uso. Mimi nilisoma ngumbaru, elimu ya watu wazima, miezi saba, nikapewa cheti. Yeye hakupewa cheti. Lakini ya kwake ilikuja kutufaa kuliko yangu.

Mwaka wa tisini na sita kahawa ilikuwa haina bei na ushirika umelala. Tukahamia Tunduma. Baba mdogo Hezron, mdogo wake baba wa nyumba ya pili, alikuwa na yadi karibu na foleni ya malori ya mpakani. Alinizidi miaka minne tu, lakini baba ni baba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nene na koti jeusi hata wakati wa jua. Alituonyesha pembe moja ya yadi yenye bati juu.

"Kaeni hapa, mwanangu," aliniambia. "Hapa ni pa ukoo. Sidai kitu."

Mtu akikwambia hadai kitu, muulize hadai mpaka lini. Sikuuliza.

Mke wangu akaweka mafiga matatu na benchi mbili. Akapika ugali, maharage, matumbo, mchicha. Mimi nilipasua kuni na kuteka maji. Madereva walikaa kwenye foleni siku tatu, siku nne, wakati mwingine wiki. Walikula kwake kwa sababu ugali wake ulikuwa mgumu na maharage yake hayakuwa na mawe. Baba mdogo naye alikula hapo kila mchana. Alikaa benchi ya mbele, mke wangu akakaa kwenye kigoda ameelekea moto, kitenge kichwani. Wakizungumza, walizungumza kupitia mtu wa tatu.

"Mwambie mkwe wangu chumvi imezidi," baba mdogo alisema, naye yuko hatua tatu.

"Mwambie baba nimesikia," mke wangu alijibu, anaiangalia sufuria.

Tunduma wasichana walikuwa wanamsalimia baba mkwe kwa kumpa mkono. Wale wawili hawakuiacha mila. Mimi niliona ni heshima. Mke wangu alisema ni nafuu.

Mchezo aliuleta Brian. Huyu alikuwa dereva wa Zambia, anatoa shaba Kitwe kwenda Dar es Salaam, kijana mnene mwenye kucheka. Mwaka wa 2009 gari lake lilikwama siku kumi na moja kwa sababu ya karatasi moja. Alikuwa na karata mfukoni. Madereva wetu walijua arubastini na lasti kadi. Brian akasema hiyo ni michezo ya watoto, akawafundisha poka.

Nitaieleza kifupi. Kila mtu anapewa karata mbili, anaziangalia peke yake. Tano zinawekwa katikati, zinafunuliwa wazi, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Za katikati ni za wote. Mwenye mchanganyiko mzuri anashinda. Kila karata zikifunuliwa watu wanaongeza dau, na asiyetaka kuongeza anatupa zake, anakaa pembeni. Na hakuna kikomo. Ukitaka, unasukuma vyote ulivyo navyo kwa mara moja. Wote wakitupa, umeshinda hata kama mkononi huna kitu, na hulazimiki kuwaonyesha. Anayetaka kuona, alipie.

Dau lilikuwa maharage mabichi ya mke wangu, kikombe kimoja kimoja. Baba mdogo aliliamua hilo mwenyewe. Alisema pesa ni kamari na kamari ni dhambi, ila maharage ni mboga.

Masudi hakukubali. Masudi alikuwa na malori mawili, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano. "Mzee, kamari ni kamari hata mkichezea mchicha," alisema. "Mimi sichezi." Basi kwa sababu hachezi, wote wakamwamini, wakampa kazi ya kugawa karata. Aligawa miaka minne. Kila siku alisema ni haramu, na kila siku alifika wa kwanza.

Mke wangu aliingia kwenye mchezo kwa sababu kikombe kimoja kilikosa mwenyewe. Wakacheka. Brian akamfundisha kwa Kiswahili chake chenye Kibemba ndani, akimwita bamayo, yaani mama.

"Bamayo, ukipata karata mbovu, tupa. Saba na mbili, maua tofauti, hiyo ndiyo mbovu kuliko zote. Awe, hiyo hata usiiangalie mara mbili!"

"Nikipata nzuri?"

"Unaweka maharage."

"Na nzuri zinakuja mara ngapi?"

Brian akafikiri. "Siyo sana."

"Basi mchezo huu ni wa matajiri," mke wangu alisema. "Sisi wengine tutacheza hizi tulizopewa."

Lakini hakuzicheza mara moja. Wiki mbili alikuwa anatupa tu. Anaangalia, anatupa, anageuza ugali. Madereva wakasema mama huyu ni mwoga, akiweka harage moja ujue ana mfalme. Yeye alikuwa anangoja wafike hapo. Walipofika, akaanza kuweka maharage akiwa na takataka. Si kila siku. Mara moja kwa siku mbili, labda. Wakawa wanatupa wenyewe.

Nilimuuliza anafanyaje. Alikuwa anachambua mawe kwenye ungo.

"Siangalii karata zangu, Baba Ruti. Hizo nazijua, ni mbovu. Namwangalia aliye mbele yangu. Kama anaogopa kupoteza, naweka. Kama haogopi, natupa. Brian simdanganyi kamwe. Yule anataka kuona kila kitu, hata akose chakula. Mtu asiyeogopa huwezi kumtisha."

"Na mbona kila mara unasema wa mwisho?"

"Umeona? Ndiyo maana ugali wangu hutaka kugeuzwa wakati ule. Wote wanasema kwanza, mimi niko kwenye sufuria, nasikiliza."

Mimi alinikataza kukaa karibu. Alisema uso wangu ni dirisha lisilo na pazia. Siku moja nilichungulia karata zake, zilikuwa ree mbili, kubwa kuliko zote, nikatabasamu. Benchi nzima ikatupa. Alipata maharage manne. Tangu siku hiyo nilikaa kwenye kuni.

Mwaka wa 2010 foleni ikawa ndefu. Malori yakajaa hadi nje ya mji. Kila mwenye yadi alitafuta nafasi ya kuegesha lori moja zaidi, na pembe yetu ilitosha lori moja na tela lake. Baba mdogo akaanza kupapima kwa hatua. Alipima asubuhi, alipima mchana. Hakusema neno. Angesemaje? Mwenye mdomo wa kumwondoa mke wangu alikuwa yeye, na hakuruhusiwa kusema na anayemwondoa. Akasema nami, lakini kwa kuzunguka.

"Mwanangu, huoni mama Ruti amechoka na moshi?"

"Hajasema, baba."

"Angepumzika. Angerudi Iyula, kuna hewa."

Nilimweleza mke wangu. Iyula hatukuwa na kitu. Mibuni ilikuwa imeng'olewa na kaka zangu, na nyumba ilikuwa ya kaka zangu. Pembe ile ndiyo ilikuwa shamba letu. Ruti alikuwa ameachika na mtoto mmoja, na alikula kwenye sufuria hiyo hiyo.

Kesho yake mchana, baba mdogo amekwisha kula, mke wangu akasema kwa Masudi:

"Mwambie baba nimesikia anataka pembe yake. Ni haki yake. Lakini watu watasema amemfukuza mkwe. Afadhali karata ziseme. Tucheze wawili, kikombe kwa kikombe. Nikishinda, nakaa hapa, mimi na watakaopika baada yangu. Nikishindwa, Jumapili nimeondoka, na nitamwambia kila mtu nimependa mwenyewe."

Masudi akageuka. "Mzee, umesikia?"

"Mimi si kiziwi," baba mdogo alisema. Akafikiri. Niliona anafurahi, maana uso wake nao ulikuwa dirisha, sema lenye pazia la koti. Atapata pembe na lawama itaenda kwa karata. Tena alikuwa anajiamini. Alishinda wiki nzima. Alikuwa hajui nani alimshindisha.

"Mwambie nimekubali. Mbele ya mashahidi."

"Haramu hii," Masudi alisema, akaanza kuchanganya karata.

Mke wangu akanitazama. Nikaenda kwenye kuni bila kuambiwa. Zilikuwa hatua kumi hivi. Karata zake sikuziona. Nilimwona yeye, nikamwona baba mdogo.

Walicheza kama nusu saa. Mke wangu alitupa, akatupa, akatupa. Kikombe chake kikashuka nusu. Madereva walikuwa wamesimama, na Brian naye alikuwepo safari hiyo, ameshika kichwa.

"Bamayo, cheza basi!"

"Namwonea huruma," baba mdogo alimwambia Masudi kwa sauti ya kanisani. "Mwambie mkwe wangu nitamtafutia gari la kubebea vyombo."

Masudi hakuipeleka hiyo. Akagawa tena.

Mke wangu akaziangalia zake mara moja tu, akazifunika. Masudi akafunua tatu: mfalme, tisa, nne. Baba mdogo akaweka maharage matano. Mke wangu akaweka matano. Ikafunuliwa ya nne: mfalme mwingine. Baba mdogo akakunja uso, akagonga benchi, maana yake haongezi. Mke wangu naye akagonga. Ikaja ya mwisho, tatu. Haikumsaidia mtu. Baba mdogo akaweka kumi.

Mke wangu akainuka. Akageuza ugali. Akaugeuza vizuri, pande zote, akarudisha mwiko, akaketi. Kisha akasukuma kikombe chote.

"Mwambie baba, yote."

Nilisikia ugali unafuka.

Baba mdogo alikuwa na malkia wawili. Alikuja kuwaonyesha watu wote baadaye, hata mchungaji. Malkia wawili ni karata kubwa sana. Kwa karata zilizokuwa mezani, alichohofia hasa ni mfalme wa tatu mkononi mwa mke wangu.

"Anao mfalme?" alimuuliza Masudi.

"Mzee, mimi nagawa tu."

"Mwambie asichezee chakula."

"Amesikia."

"Mwambie..." Alikuwa anatoka jasho kwenye koti. "Mtu anayejifunika ana la kuficha. Mwambie kama ana mfalme kweli anitazame. Anitazame usoni, nitajua!"

Alisema tu, kwa hasira. Mtu anaposema "niue basi" hataki kuuawa.

Mke wangu akashusha kitenge mabegani. Akageuka kwenye kigoda. Akamtazama baba mkwe wake usoni, macho kwa macho, mchana, mbele ya watu kumi na tano.

Shoka likaniponyoka.

Na baba mdogo ndiye aliyegeuza shingo. Aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akatazama ukuta, mkono mbele ya macho. Sikumlaumu. Alilelewa hivyo. Aliomba auone uso, ukaja, akashindwa kuusoma kwa sababu hakuruhusiwa kuuona. Amekaa hivyo, anautazama ukuta, akasema:

"Ana mfalme. Ana mfalme huyu. Asingethubutu!"

Akatupa karata zake nyuma, hata hakuona zinaangukia wapi.

"Mzee, umetupa?" Masudi aliuliza.

"Nimetupa! Sichezi tena, pembe abaki nayo! Mwambie ajifunike!"

Mke wangu akajifunika. Akazichukua karata zake mbili, akazichomeka katikati ya zile za Masudi. Masudi akazichanganya macho juu, kama anayeomba dua. Brian alipiga kelele, akataka kuziona. Mke wangu akamwambia, "Hukulipa." Akaanza kupakua.

Jumapili hiyo alipeleka kuku kwa baba mdogo, faini ya kumtazama mkwe. Ndiyo desturi. Kuku akapokelewa, akaliwa, aibu ikaisha. Baba mdogo akarudi kwenye benchi kula mchana, mke wangu akaelekea moto. Pembe haikupimwa tena. Ila kila wiki chache alimuuliza Masudi, "Hivi alikuwa naye kweli?" Masudi alijibu, "Mungu anajua." Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, lakini jibu hilo halikumtosha.

Mimi niliuliza pia. Nilimuuliza miaka mitatu. Alisema, "Uso wako, Baba Ruti." Basi.

Alianza kuumwa mwaka wa 2013, wakati wa palizi. Miguu ilivimba. Alisema ni moshi. Alisema ni uzee. Alipika akiwa amekaa, na nikimuuliza anageuza ugali. Mimi nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu karibu miaka thelathini, nimemwona anawaweka madereva wa nchi tano mfukoni, na bado nilimwamini. Nilitupa karata zangu bila kulipa. Tulipofika hospitali walisema ni moyo, na kwamba tumechelewa.

Siku ya mwisho aliyokuwa na nguvu ya kusema alinivuta mkono.

"Saba na mbili," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Saba ya pau, mbili ya uru."

Nikacheka pale wodini, muuguzi akanikazia macho. Mke wangu naye akacheka kidogo, akakohoa.

"Sasa unayo wewe," alisema. "Mzee atakuuliza. Ruti anapika pale. Usinitie aibu na uso wako."

Tulimzika Iyula. Brian alikuja na lori lenye shaba, akaliegesha barabarani, akalia kuliko sisi.

Tulipomaliza matanga tulirudi Tunduma. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, baba mdogo akaja pembeni. Ruti alikuwa kwenye moto. Masudi alikuwa kwenye benchi na chai yake. Baba mdogo akavuta kigoda, kile kile cha mke wangu, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Mwanangu. Pole tena."

"Nimepoa, baba."

"Marehemu hayupo. Kati yetu hakuna wa kumwonea haya. Alikuwa mke wako, lazima alikwambia." Akainama. "Alikuwa na mfalme? Kama alikuwa naye, basi. Kama hakuwa naye, mwanangu, nilidanganywa kwenye ardhi yangu, na ahadi ya kudanganywa si ahadi. Masudi, nimekosea?"

"Mimi nagawa tu, Mzee," Masudi alisema. Lakini aliweka kikombe chini.

Ruti akaacha kukoroga.

Nilitaka kusema, "Alikuwa naye." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi barabara nzima kutoka Iyula. Neno halikutoka. Nilijua likitoka litatoka na saba na mbili usoni mwangu. Nikafanya alivyofanya yeye. Nikaangalia sufuria. Na kwenye sufuria niliona mwiko, ule ule, mpini umeliwa upande mmoja na mkono wake.

Basi nikalia. Sikuigiza. Siwezi kuigiza. Kutoka hospitali hadi kaburini sikuwa nimelia hata tone, watu walikuwa wamekwisha kuanza kunisema, na siku hiyo yote yakaja. Nililia kama mtoto anayeachishwa ziwa, mbele ya baba mdogo, mbele ya madereva, makamasi yakanitoka.

Baba mdogo alinisoma. Nilimwona ananisoma, neno kwa neno. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Nimemtukana marehemu."

Nikazidi kulia.

"Basi, mwanangu, basi. Nisamehe. Siku ya tatu toka matanga, nami nakuja kumwita mkwe wangu mwongo! Nilijua alikuwa naye. Mwanamke mwenye adabu ile angenitazamaje bila mfalme?" Naye akaanza kutoa machozi, akayafuta kwa mkono wa koti. "Ruti, mjukuu wangu. Hapa ni pako. Masudi, wewe ni shahidi."

"Nimeshuhudia," Masudi alisema. Alikuwa ananitazama mimi. Masudi amegawa karata miaka mingi. Nadhani alijua. Akanywa chai.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaandikisha karatasi, ikapigwa muhuri. Nimeisoma mwenyewe, kwa ngumbaru yangu. Inasema pembe ni ya Ruti na watakaopika baada yake, kwa kuwa mama yake aliipata kwa haki. Wanawe wameweka sahihi. Alipokuwa anaumwa mwaka huu aliwakumbusha tena, mbele ya wazee, kwamba pale pa mwenye mfalme pasiguswe.

Na aliipata kwa haki. Hakusema ana mfalme. Aliambiwa atazame, akatazama. Aliyegeuka ni mwingine.

Siku ile baba mdogo alipoondoka, Ruti alikuja akachuchumaa karibu nami.

"Baba, kweli mama alikuwa na mfalme?"

Ruti amechukua uso wangu, maskini.

"Geuza ugali, mwanangu," nilimwambia. "Unaungua."